Mto ukipewa haki, nani anaingia mahakamani?

Kila habari ya namna hii inapotoka, maswali huwa yale yale. Mto fulani umetambuliwa na sheria kuwa una haki, au mlima umepewa hadhi ya "mtu", na siku hiyo hiyo watu wanaanza kuulizana. Je, mto utapiga kura? Nikikata mti nitashtakiwa kwa mauaji? Ukifurika ukabeba nyumba yangu, naushtaki wapi? Wapo wanaocheka, na wapo wanaokasirika: binadamu wenyewe haki zao hazijatimia, leo tunagawia mawe na maji!

Maswali haya yanastahili majibu. Majaji wamekutana nayo, na mengine yamewatoa jasho. Lakini mengi yanatokana na maneno kueleweka visivyo, kwa hiyo tuanze na maneno.

Kwa Kiswahili, "haki za asili" inaweza kubeba maana tatu. Inaweza kuwa haki anazozaliwa nazo kila mtu. Inaweza kuwa haki za wenyeji wa asili wa nchi fulani. Hapa naizungumzia maana ya tatu: haki ambazo mwenyewe ni asili, yaani mto, ziwa, msitu, nyika au bahari, pamoja na viumbe wanaoishi humo na jinsi wanavyotegemeana. Wengine husema haki za maumbile, na hakuna ubaya.

Na "haki" je? Kisheria, haki haina maana ya huruma wala heshima. Haki ni dai ambalo sheria imekubali kulisikiliza, na likivunjwa kuna mtu wa kuwajibika. Ninaweza kumhurumia ng'ombe wa jirani miaka kumi bila ng'ombe yule kupata haki yoyote. Huruma ni yangu, nikichoka naiacha. Haki haingoji nichoke au nisichoke.

Lugha yetu yenyewe inatuonyesha shida ilipo. Tunasema mazingira, neno linalotokana na kuzingira. Yanazingira nini? Yanatuzingira sisi, tuliosimama katikati ya duara. Na tukienda kwenye sheria na kwenye wizara, tunakuta maliasili. Hilo ni neno lenye mali ndani yake, na penye mali pana mwenye mali, na mwenye mali huwa na uhuru wa kutumia, kuuza, hata kuteketeza. Siilaumu lugha. Ninachosema ni kwamba wakili hajafungua mdomo, mto umeshawekwa kwenye kundi la vitu, pamoja na viti na magunia.

Sasa tutofautishe mambo mawili ambayo magazeti huyachanganya. Tarehe 28 Julai 2022 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, kwa kura 161, lilitambua kwamba kuishi katika mazingira safi na salama ni haki ya binadamu. Ni hatua kubwa. Lakini mwenye haki hapo ni binadamu. Mto unalindwa kwa sababu mtu anaunywa. Haki za asili zinasema mto unalindwa kwa sababu ni mto, hata pale ambapo hakuna mtu anayeunywa.

Tofauti hiyo inaonekana ndogo mpaka uilete nyumbani. Chukulia sheria inayokataza kumpiga mtoto kwa sababu kilio chake kinawasumbua majirani. Sheria hiyo inaweza kumsaidia mtoto, hasa kama majirani wako karibu na masikio yao ni mazima. Ila mtoto akiishi mbali na watu, au mpigaji akiwalipa majirani wanyamaze, ulinzi umekwisha. Sheria nyingi za mazingira duniani zimejengwa namna hiyo: zinasikiliza kero ya jirani. Tena mara nyingi hazikatazi kuchafua, zinatoa kibali cha kuchafua kwa kipimo fulani.

Ndiyo maana mlango wa mahakama ni mahali pazuri pa kuielewa habari hii yote. Mwishoni mwa 1989, Wangari Maathai alikwenda Mahakama Kuu ya Kenya kuzuia jengo la ghorofa 60 lililopangwa kujengwa ndani ya bustani ya Uhuru, Nairobi. Mahakama ilitupilia mbali shauri lake bila kuingia kwenye hoja zenyewe. Sababu? Hakuwa na haki ya kufungua shauri. Hakuonyesha hasara yake binafsi, tofauti na ya watu wengine wote. Bustani ndiyo iliyokuwa inakwenda kuumia, na bustani haikuwa na mdomo. (Jengo halikujengwa mwishowe, maana wafadhili walijitoa baada ya kelele za umma, lakini hilo lilikuwa ushindi wa barabarani na magazetini.) Katiba ya Kenya ya 2010 ilirekebisha jambo hilo. Ibara ya 70 inasema mlalamikaji wa masuala ya mazingira halazimiki kuonyesha kwamba kuna mtu aliyepata hasara au madhara.

Marekani ilikuwa imepita njia hiyo hiyo miaka 17 kabla. Kampuni ya Disney ilitaka kujenga kituo cha mapumziko katika bonde la Mineral King, California. Sierra Club, chama cha watetezi wa mazingira, kilishtaki, na mwaka 1972 Mahakama ya Juu ikakiambia kwamba hakikuonyesha wanachama wake wanavyoumia. Jaji William O. Douglas hakukubaliana na wenzake. Akauliza kwa nini bonde lenyewe lisiwe mlalamikaji. Aliegemea makala ya mwanasheria Christopher Stone iliyotoka mwaka huo huo, ikiuliza kama miti inafaa kuwa na haki ya kusimama mahakamani. Na Douglas akatoa mfano ambao mtu yeyote wa bandarini anaujua: meli. Meli inashtakiwa kwa jina lake. Meli inakamatwa na kuzuiliwa gatini. Hakuna aliyewahi kudhani kwamba meli ina roho.

Tukifika hapa fumbo linaanza kufumbuka. Sheria ina watu wa aina nyingi ambao si watu wa nyama na damu. Kampuni inamiliki ardhi, inakopa, inashtaki, inalipa kodi, na haijawahi kuumwa jino. Halmashauri ni mtu. Ushirika uliosajiliwa ni mtu. Mtoto mchanga ana haki ya urithi ingawa hajui hata jina lake. Mlezi ndiye anayesimama. Marehemu hawezi kudai deni lake, lakini msimamizi wa mirathi analidai kwa niaba. Kusema kwa ajili ya asiyeweza kusema ni kazi ambayo mahakama zimeifanya miaka yote.

Hata sarufi yetu inatoa ushahidi hapa. Tunasema simba anakuja lakini mto unakuja. Wanyama tumewaingiza kwenye ngeli ya watu, mito tumeiacha nje. Lakini kampuni nayo tunasema imeshtaki, hatusemi ameshtaki, na kiambishi hicho hakijaizuia kushinda kesi.

Kwa hiyo jibu la swali la kura ni hapana, mto hautapiga kura, kama ambavyo kampuni haipigi kura. Kila mtu wa kisheria hupewa haki zinazolingana na alivyo. Za mto ni kama hizi: kuendelea kuwepo, kutiririka, kubaki na viumbe wake, kujirudisha baada ya kuumizwa, na kurudishwa pale unaposhindwa kujirudisha wenyewe.

Ecuador ndiyo nchi ya kwanza kuyaandika haya kwenye katiba, mwaka 2008. Ibara ya 71 inaitaja asili kwa jina la Pacha Mama, jina ambalo watu wa milima ya Andes, Amerika Kusini, huiita dunia iliyo mama, na inampa kila mtu, jamii au taifa la wenyeji uwezo wa kuitaka serikali iziheshimu haki hizo. Lakini ibara ninayoiona kuwa na uzito kuliko zote ni ya 72, ambayo waandishi wengi huipita haraka. Inasema asili ina haki ya kurejeshwa katika hali yake, na kwamba urejeshaji huo ni kitu tofauti na fidia wanayodai watu waliokuwa wakiitegemea.

Tuikalie kidogo hapo. Mto umetiwa sumu na kiwanda. Wavuvi wanashtaki, wanashinda, wanalipwa. Wananunua pikipiki, wanajenga, wanalipa ada za watoto. Ni haki yao, na mara nyingi malipo hayatoshi. Lakini angalia mto: bado una sumu. Kesi imekwisha, hukumu imetekelezwa, na aliyeumizwa kwanza hakupata hata tone la dawa. Mfukoni mwa sheria ya kawaida kuna pochi moja tu, ya watu. Ibara ya 72 inaongeza pochi ya pili, na fedha zake zina kazi moja: kusafisha, kupanda, kuondoa kifusi, kurudisha maji yalikokuwa yakipita.

Kifusi, kwa kweli, ndicho kilichofungua ukurasa. Serikali ya mkoa wa Loja, kusini mwa Ecuador, ilikuwa ikipanua barabara na kumwaga mawe na udongo ndani ya mto Vilcabamba. Mwaka 2011 mahakama ya mkoa iliamua kwamba haki za mto zimevunjwa. Mto ndio uliotajwa kuwa umedhulumiwa. Wenye mashamba walikuwa wasemaji tu. Serikali iliagizwa kurekebisha uharibifu na kuomba radhi hadharani. Utekelezaji ulisuasua, na hilo tutalirudia, maana ni ugonjwa unaozikuta sheria hizi mara nyingi.

Nchi zilizofuata hazikunakili, kila moja ilikuja na kidonda chake. New Zealand ilifika kupitia mgogoro wa ardhi. Wamaori, wenyeji wa asili wa nchi hiyo, wanaoishi kando ya mto Whanganui wenye urefu wa kilomita 290, walikuwa wakidai mto wao tangu miaka ya 1870. Wao hawakuwa wakisema "mto ni wetu" kwa maana ya hati ya kiwanja. Msemo wao ni kwamba mimi ni mto na mto ni mimi. Sheria ya Waingereza ilijua swali moja tu: mwenye mali ni nani, Taifa au kabila? Sheria ya Machi 2017 ilikwepa swali hilo. Mto, kutoka milimani hadi baharini, pamoja na vijito vyake na kila kilichomo, ulitambuliwa kuwa nafsi moja iitwayo Te Awa Tupua, na sehemu ya kitanda cha mto iliyokuwa chini ya Taifa ikawekwa kwa jina la mto wenyewe. Unasemewa na walezi wawili, mmoja ameteuliwa na wenyeji na mwingine na serikali. Pia ulitengewa mfuko wa dola milioni 30 za New Zealand kwa ajili ya afya yake. Mlezi asiye na fedha hawezi hata kulipia vipimo vya maabara, na waandishi wa sheria ile walilijua hilo.

Hispania ilifika kupitia samaki waliokufa. Mar Menor ni wangwa mkubwa wa maji ya chumvi, kilomita za mraba kama 135, kusini mashariki mwa nchi hiyo, umetenganishwa na bahari kwa ukanda mwembamba wa mchanga. Kwa miaka mingi mbolea kutoka mashamba makubwa ya jirani ilikuwa ikishuka nayo mvua. Mbolea inalisha mwani, mwani unaongezeka hadi kuziba mwanga, kisha unakufa, na ukioza unamaliza hewa iliyomo majini. Oktoba 2019 watu waliokuwa ufukweni waliona samaki, mikunga na kamba wakijisukuma kwenye maji ya kifundo cha mguu, vinywa juu, wakitafuta pumzi. Maelfu walifia pale pale, ukingoni. Mwaka 2021 ikatokea tena.

Sheria za kulinda Mar Menor zilikuwepo, tena nyingi. Ulikuwa eneo la hifadhi kwenye makaratasi ya mkoa, ya taifa na ya Ulaya. Wananchi walikusanya saini zaidi ya 600,000, na Septemba 2022 bunge likaupa wangwa nafsi ya kisheria, wa kwanza Ulaya. Sasa mtu yeyote anaweza kufungua shauri kwa jina la Mar Menor bila kuthibitisha kwamba ana nyumba pale, ana mashua, au amewahi kufika. Waliopinga walikwenda Mahakama ya Katiba, na mwaka 2024 mahakama hiyo ikasema sheria ni halali. Nataja Hispania makusudi kwa wale wanaodhani habari hii ni imani za kale zilizovalishwa joho la wakili. Hakuna aliyeuabudu wangwa ule. Sheria yake ilijengwa juu ya baiolojia ya maji na hasira ya watu walioona ulinzi wa kawaida ukishindwa mbele ya macho yao.

Barani Afrika, Uganda ndiyo iliyotangulia. Sheria yake ya Taifa ya Mazingira ya 2019, kifungu cha 4, inasema asili ina haki ya kuwepo, kudumu, na kutunza na kuhuisha mizunguko yake ya uhai, na mtu yeyote anaweza kwenda mahakamani haki hizo zikivunjwa. Kuna kamba iliyofungwa hapo hapo: waziri ndiye atakayetaja kwa kanuni maeneo ambayo haki hizo zinahusika. Mtu asiyesoma mpaka mwisho wa kifungu hupitwa na hilo.

Turudi kwenye hofu, maana baadhi zina msingi.

Ile ya mti na mauaji haina. Haki hizi ni za mfumo, hazihesabiwi kwa shina. Msitu una haki ya kuendelea kuwa msitu, na msitu unaovunwa kuni na nguzo kwa kiasi unachoweza kukirudisha bado ni msitu. Unaofyekwa wote ukageuzwa shimo la mgodi umenyimwa uhai. Kati ya hayo mawili kuna eneo pana la kubishania, na hiyo ndiyo kazi ya mahakama, kama inavyobishania kila siku uhuru wangu wa kusema unakomea wapi mbele ya heshima yako.

Hofu ya mafuriko ni nzito zaidi. Machi 2017 Mahakama Kuu ya jimbo la Uttarakhand, India, ilitangaza mito Ganga na Yamuna kuwa watu kisheria, na kuwateua maafisa wa serikali kuwa walezi. Miezi michache baadaye jimbo lenyewe likakimbilia Mahakama ya Juu: mto ukifurika ukaua watu, nani atalipa, maafisa hao? Na mito hiyo inapita majimbo mengine. Afisa wa jimbo moja atasemaje kwa niaba ya maji yaliyoko jimbo jingine? Julai mwaka huo huo Mahakama ya Juu ikasimamisha hukumu. Nadhani ilifanya sawa. Hukumu ile ilitoa jina bila kutengeneza chombo cha kulibeba. Mafuriko hayana dhamira, na kwa kawaida sheria haimdai mtu kwa jambo asilolikusudia wala kulizembea. Mara nyingi anayestahili kuulizwa ni aliyeruhusu ujenzi kwenye njia ya maji. Lakini lazima iandikwe waziwazi, kama New Zealand ilivyoandika, nani anabeba wajibu na kwa mfuko upi.

Hofu inayonigusa kuliko zote ni ya wenyeji. Watu wengi wamefukuzwa misituni kwa jina la uhifadhi, wakasikia kwamba simba na miti wana haki kuliko wao. Mtu aliyebomolewa nyumba hivyo ana kila sababu ya kushtuka anaposikia "haki za asili". Tuseme wazi: kufukuza watu waliotunza msitu kwa vizazi vingi ni dhuluma, na mahakama imekwisha kusema hivyo. Mei 2017 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, iliamua kwamba Kenya ilikiuka haki za Waogiek kwa kuwatoa msitu wa Mau, na kwamba hoja ya kuuhifadhi msitu haikutosha kuhalalisha kitendo hicho. Kwingineko, walioandika haki za asili kwa nguvu zaidi ndio hao hao wenyeji: Whanganui, Andes, na jamii za watu weusi na wenyeji wa mto Atrato nchini Colombia, ambao Mahakama ya Katiba iliutambua mwaka 2016. Sheria ya haki za asili inayoandikwa bila wanaoishi pale itageuka kuwa uzio mwingine, na mimi nisingeiunga mkono.

Na wale wanaodhani sheria ikipitishwa kazi imekwisha, wautazame Atrato wenyewe: uchimbaji haramu wa dhahabu na zebaki yake haukukoma kwa sababu jaji ameandika. Au waitazame Toledo, Ohio, ambako wapiga kura waliupa ziwa Erie haki mwaka 2019, na mwaka uliofuata mahakama ikaifuta sheria yao kwa kuwa maneno yake yalikuwa mapana mno, hayashikiki.

Pamoja na hayo, mahali chombo kilipokuwa imara, haki hizi zimesimamisha matingatinga. Mwaka 2021 Mahakama ya Katiba ya Ecuador ilizuia uchimbaji madini katika Los Cedros, msitu wa ukungu ambao karibu theluthi mbili yake ilikuwa imeshagawiwa kwa vibali. Mahakama haikusubiri uharibifu utokee ndipo upimwe. Ilisema pale ambapo hatari ni kutoweka kwa spishi, tahadhari inatangulia.

Sasa fedha, maana bila hizo mjadala huu unabaki wa mawakili.

Kiswahili kimetupa maneno mawili ambayo wachumi wengi wangeyahitaji: thamani na bei. Figo yako ina thamani kubwa. Sheria karibu kila mahali inakataza iwe na bei. Kinyume chake, kuna vitu vyenye bei kubwa visivyo na thamani yoyote. Wapo wanaosema dawa ya uharibifu ni kuipa asili bei: tani ya kaboni ni kiasi hiki, ekari ya mikoko kiasi kile. Bei ina faida zake, nami siipuuzi. Lakini kila chenye bei hungoja mnunuzi, na akija mwenye fedha ya kutosha, kinauzwa. Haki inaweka mstari ambao soko linaishia hapo, halafu ndani ya mstari huo soko liendelee na kazi yake.

Costa Rica inaonyesha mambo hayo mawili yakienda pamoja. Sheria yake ya misitu ya 1996 ilikataza kugeuza msitu kuwa kitu kingine, na tangu 1997 wenye misitu wakawa wanalipwa, kwa fedha zilizotoka kwenye kodi ya mafuta, kwa kazi ambayo misitu yao inawafanyia wote. Malipo peke yake yangekoma siku mfuko ulipokauka. Katazo peke yake lingemwangukia mkulima maskini.

Kuna na suala la vitabu vya hesabu. Mtu akiezua mabati ya nyumba yake moja moja na kuyauza, akaandika "mapato" kila mwezi, daftari lake litapendeza sana mpaka msimu wa mvua. Pato la Taifa linaandikwa hivyo. Msitu uliosimama, unaovuta mvua na kushika udongo, hauonekani kwenye hesabu. Ukikatwa unaingia kama mapato. Mafuta yakimwagika baharini, gharama za kusafisha nazo zinaongeza pato. Simon Kuznets, aliyeongoza kazi ya kuhesabu pato la Marekani, alilionya bunge la nchi yake tangu 1934 kwamba ustawi wa taifa hauwezi kupimwa kwa kipimo hicho. Kipimo kikapokelewa, onyo likawekwa kando. Ilikuwa Machi 2021 ndipo Umoja wa Mataifa ulipopitisha mfumo wa kuhesabu ikolojia: kiasi cha msitu, hali yake, na unachotoa mwaka hadi mwaka. Huo si haki za asili, ni uhasibu tu. Lakini hakimu anayetaka kujua kama mto umepungukiwa anahitaji rekodi ya ulivyokuwa, na bila daftari hilo mlezi wa mto anakwenda mahakamani mikono mitupu.

Hapo ndipo elimu inapoingia, na nasikitika kwamba ndiyo inayopewa dakika tano za mwisho kwenye kila mkutano.

Kumbuka swali la mtihani ambalo wengi wetu tulilijibu: Taja faida tano za misitu. Kuni, mbao, dawa, mvua, makazi ya wanyama wanaovutia watalii. Alama tano kati ya tano. Swali hilo si la uongo, ila lilitufundisha kitu ambacho mwalimu hakukusudia: kwamba msitu unajieleza kwa kutaja unatupa nini. Mtoto aliyejibu vizuri akakua, akawa mhandisi wa barabara au mwanasheria, na hajawahi kuulizwa msitu unahitaji nini ili uendelee kuwepo. Kwenye vyuo vya sheria nako, mwanafunzi anakutana na mto kwenye somo la ardhi na mali, kati ya mipaka ya viwanja na haki ya kupita.

Kubadilisha hilo hakuhitaji somo jipya lenye jina refu. Darasa la tano wanaweza kupima kijito kilicho karibu na shule kila wiki: kina kwa fimbo yenye alama, rangi ya maji, wadudu waliojificha chini ya mawe, samaki wameonekana au hawakuonekana, tarehe pembeni. Mzee anayekumbuka kijito kilipokuwa hakikauki aalikwe aseme kilikuwa kinafika wapi, na maneno yake yaandikwe kwenye daftari hilo hilo.

Kesi ya Los Cedros ilisimama juu ya madaftari ya namna hiyo. Mbele ya majaji kulikuwa na orodha za vyura, okidi, ndege na tumbili walio karibu kutoweka, zilizokusanywa na watafiti waliokuwa wakipanda milima ile miaka mingi kabla hakujawa na kesi. Walipotakiwa kuonyesha ni nini hasa kingepotea, walikuwa na majina.